Risasi na Risiti

Dukani kwetu, Mtaa wa Zanaki, feni inazunguka
wala haipoozi kitu.
Chumvi ya Dar inakula chuma hadi kabatini;
kila Jumatatu nafuta mitutu kwa kitambaa na mafuta
kama mtu amfutaye mtoto wa jirani makamasi:
bila mapenzi makubwa, bila kukosa.

Daktari Lwitiko, wa meno, wa Mikocheni,
ameleta kibali chake ndani ya bahasha ya kaki.
Swala pala wawili, kongoni mmoja, nyati mmoja.
"Nipe kubwa kuliko zote," anasema,
"boksi moja limalize kazi."

Daktari, risasi ni nywele,
kila mnyama ana zake.
Wewe jino la mtoto unaling'oa kwa koleo la fundi bomba?

Anacheka. Naweka tatu juu ya kioo.

Hii ncha laini. Punje mia na hamsini,
punje, ndiyo, ila mizani yangu haijui pilau.
Ikigusa tu, imechanua. Ni ya swala,
ngozi karatasi, mbavu chelewa.
Lenga nyuma ya bega. Ukimpiga begani
bega zima utawapa mbwa.

Hii ya pili ina ala nene,
shaba imekikumbatia kiini, hawaachani njiani.
Kongoni, kuro, hata pofu akikaa vizuri.
Inachanua kwa adabu,
inafika moyoni ingali na uzito wake.

Na hii, ngumu tupu, kichwa mviringo.
Haijui maua. Inapita mfupa, inaendelea na safari.
Hii ya nyati. Na si kwa bunduki ile nyembamba ya marehemu baba yako;
ile usimsalimie nayo nyati.

"Kumbe umewinda sana," anasema.

Sijapiga hata sungura.
Mimi Tabu binti Mkwizu, mzaliwa wa Magomeni Mapipa,
nyati namjua wa kwenye mia tano.
Elimu yangu yote imo ndani ya kopo hili la kahawa:
risasi zilizorudi.
Wanazikuta wakichuna, wananiletea, nazifunga karatasi,
naandika mnyama, hatua, ilipoingia, ilipokomea.
Hii imefunguka kama uyoga.
Hizi chembe nane zilikuwa moja, ya swala,
mtu akampigia pofu;
walimfuata siku mbili, wakamkuta kwa tai.

Isiyomo ni ya Gervas Lukumbi.
Alikuja Ijumaa, tumeshateremsha mlango nusu,
akainama kuingia.
Ngumu zilikuwa zimekwisha. Akasema laini zitatosha.
Nilikuwa na harusi Temeke, hina haijakauka mkononi.
Nikajua. Nikakata risiti.

Alirudi mwezi wa nne kuuza bunduki,
shati jipya, mkono mmoja wa shati umekunjwa na kubanwa pini.
Hakunilaumu. Alitaka tu bei nzuri.
Nyati hakupatikana.

Lugha yetu, bahili wa majina,
imeita risasi ile metali na ile ipigwayo,
lakini ile ibakiayo ndani haikuipa neno:
ile inayoshuka mtoni na mnyama, inayolala alipolala,
nyama ikiota juu yake taratibu,
na namba yake ingali kwenye daftari langu,
mwandiko wangu, wino wa bluu.

Daktari anagonga kioo kwa kidole.
"Basi nifungie zote tatu."

Hizi mbili nakufungia. Ile ngumu ni ya kuonyesha, ni hiyo moja tu.
Mzigo uko bandarini. Njoo Alhamisi.

"Kibali kinakwisha Jumapili!
Laini hazitoshi?"

Mashine ya risiti inalia kama panya aliyekanyagwa.
Nang'oa karatasi, naikunja mara mbili,
nahesabu chenji polepole mpaka mwisho,
na ya mwisho naiweka katikati ya kiganja chake,
sarafu ya mia tano, upande wa pembe ukiwa juu.

Huyu ndiye wako mwaka huu, Daktari.